Wasomaji Wanauliza: Jimi Hendrix, Mashoto Aliyegeuza Gitaa

Katika toleo la mwezi uliopita, nilipokuwa nikizungumzia wapiga gitaa waliopata kupita katika bendi za Tabora, niliingiza sentensi moja tu kuhusu Jimi Hendrix wa Marekani: kwamba alikuwa akipiga gitaa likiwa kichwa chini miguu juu, na nyuzi zikiwa zilezile. Sikudhani kwamba sentensi hiyo ingenirudia kwa barua nyingi kiasi hiki. Kutoka Isevya hadi Ujiji wapo walionisahihisha, wapo waliotaka kujua zaidi, na yupo mmoja aliyenikemea kwa kupoteza karatasi ya gazeti kwa mtu aliyechoma gitaa hadharani. Nimechagua barua tano. Walionisahihisha wana haki, nami naanza na barua inayonidai zaidi.

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni mjomba wa kijana wa miaka 14 anayepiga gitaa katika kwaya ya vijana hapa mjini. Ni mashoto tangu kuzaliwa. Mwalimu wake anamtaka alishike gitaa kama wenzake au aache kabisa. Nilipomsomea maneno yako kuhusu Hendrix alifurahi sana, akaligeuza gitaa la kwaya, lakini sasa kila chodi aliyoijua, yaani nota kadhaa zinazolia kwa pamoja, inamtoka kinyume na ameanza kukata tamaa. Hendrix aliwezaje kupiga nyuzi zikiwa zimepinduka?
Mjomba wa Mashoto, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwanza umwombee radhi kijana wako kwa niaba yangu, maana nimemtwisha mzigo ambao Hendrix mwenyewe hakuubeba. Ukweli ni kwamba Hendrix aligeuza gitaa, lakini hakuziacha nyuzi zigeuke nalo. Alichukua gitaa lililotengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia, akalipindua ili shingo yake ishikwe na mkono wa kulia na mkono wa kushoto ucharaze, kisha akafungua nyuzi zote sita na kuzifunga upya, uzi mnene ukarudi juu karibu na uso wake na uzi mwembamba ukakaa chini karibu na magoti. Kwa vidole vyake, basi, mpangilio ulikuwa uleule anaoukuta mpigaji mwingine yeyote. Kilichopinduka kilikuwa mti, vifungo na vyuma.

Kuna wapigaji walioziacha nyuzi zikiwa zimepinduka kwelikweli. Mmoja wao ni Albert King, mwimbaji wa blues, muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, ambaye naye alikuwa mashoto na ambaye Hendrix alimheshimu sana. King aliuacha uzi mwembamba juu, na pale wengine wanapousukuma uzi kuelekea usoni ili sauti ipande, yeye aliuvuta kuelekea sakafuni. Kijana wako, bila kujua, ameanza kujifunza kwa njia ya Albert King huku akitumia kitabu cha chodi cha mtu wa mkono wa kulia. Si ajabu kwamba mambo hayaelewani.

Kugeuza gitaa kulikuwa na matokeo ambayo hayakukusudiwa na mtengenezaji, na hapa naomba nikae kidogo. Gitaa ambalo Hendrix alilipenda kuliko mengine ni Fender Stratocaster, lililoanza kutengenezwa mwaka 1954. Lina vinasa sauti vitatu chini ya nyuzi, na kile kilicho karibu na daraja, mahali nyuzi zinapofungwa upande wa mwili wa gitaa, kimewekwa kimshazari. Fundi alikilaza hivyo ili upande wa nyuzi nyembamba uwe karibu zaidi na daraja, sauti yake ikatoke kali, na upande wa nyuzi nene uwe mbali kidogo. Lipindue gitaa hilo, ufunge nyuzi upya, na mshazari unakuwa kinyume: nyuzi nene sasa zinanaswa karibu na daraja, zinatoka zikiwa na ukavu na makali ambayo kwa kawaida hazina, na nyuzi nyembamba zinatoka laini zaidi. Vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti, pamoja na ule mkono wa chuma wa kutikisa nyuzi, navyo vinahamia juu, jirani na kiganja. Mashoto wengi walilalamika kwamba hivyo vyote vinawasumbua. Hendrix aliugeuza usumbufu huo kuwa sehemu ya uchezaji wake, na ule mkono wa chuma hakuuacha upumzike.

Kuhusu mwalimu wa kwaya, sitaki kumlaumu sana, kwa sababu lugha yetu yenyewe iko upande wake. Mkono mmoja tumeuita wa kulia, yaani wa kulia chakula, na wazee waliuita wa kuume. Huo mwingine ulibaki wa kushoto, na mtoto aliyeutumia kupokea kitu kwa mkubwa alijua kitakachofuata. Nchini Marekani hali haikuwa tofauti sana. Baba yake Hendrix, Al, aliamini kwamba kutumia mkono wa kushoto ni jambo la shetani, na inasimuliwa na ndugu wa familia kwamba Jimi alikuwa akipiga kwa mkono wa kulia baba akiwa ndani, kisha analigeuza gitaa mara tu mzee anapotoka. Kalamu aliendelea kuishika kwa mkono wa kulia hadi mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo mtu huyu tunayemwita mashoto alikuwa na mikono miwili iliyofundishwa, mmoja kwa tabia na mwingine kwa amri.

Sasa ushauri wa fundi. Msizifunge nyuzi upya kwenye gitaa la kwaya kabla ya kuangalia kile kipande kidogo chenye mifereji kilicho juu ya shingo, pale nyuzi zinapopita kuelekea kwenye funguo za kukazia. Kila mfereji umechongwa kwa unene wa uzi wake. Uzi mnene ukilazimishwa kwenye mfereji mwembamba utakaa juu juu, na uzi mwembamba ukiwekwa kwenye mfereji mpana utacheza na kulia kama nzi ndani ya chupa. Fundi akikibandua kipande hicho na kukigeuza, au akachonga kingine cha mfupa, kazi inakuwa imekwisha. Na kama gitaa ni kavu, lisilotumia umeme, fahamu pia kwamba ndani ya tumbo lake mna vipande vya mbao vilivyowekwa kwa kufuata upande wa nyuzi nene na nyembamba, kwa hiyo sauti inaweza kubadilika kidogo. Si kiasi cha kumzuia kijana.

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Ujiji. Kaka zangu wanasema Hendrix alianza kwa kupiga ufagio. Wengine wanasema alikuwa mtoto wa tajiri, ndiyo maana aliweza kuchoma gitaa. Naomba unieleze alivyokua.
Binti wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kaka zako wa ufagio wamepatia. Wale wa utajiri wamepotea njia kabisa.

Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1942 katika jiji la Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, akaitwa Johnny Allen Hendrix. Mama yake, Lucille, alikuwa na miaka 17. Baba yake alikuwa askari na hakuruhusiwa kwenda kumwona mtoto; wakuu wake walimweka kizuizini kwa hofu kwamba angetoroka kambini. Mtoto akalelewa huku na huko, kwa ndugu na kwa marafiki, hata alifikishwa jimbo la California kwa mama mmoja aliyekuwa tayari kumfanya wake. Al alipotoka jeshini mwaka 1945 alikwenda kumchukua mtoto ambaye hakuwahi kumwona kwa macho, na mwaka 1946 akambadilisha jina kuwa James Marshall Hendrix. Wewe uliyezaliwa Ujiji unajua kwamba mtoto wa kwetu anaweza kuwa na jina la babu, jina la shule na jina la mtaani. Lakini kubadilishiwa jina lote ukiwa na umri wa miaka mitatu, na mtu ambaye ndiyo kwanza unamwona, ni jambo jingine.

Wazazi waliachana mwaka 1951. Pombe ilikuwapo, ugomvi ulikuwapo, na kazi za Al za kutunza bustani hazikutosha kulisha nyumba. Wadogo zake watatu walitolewa wakalelewe na watu wengine. Mara kwa mara Jimi alipelekwa kwa bibi yake, mama wa Al, huko Vancouver nchini Kanada. Bibi huyo na mumewe waliwahi kuwa wasanii wa majukwaani wanaozunguka miji, kwa hiyo ukitafuta damu ya sanaa katika ukoo, anzia hapo. Lucille alifariki dunia mwanzoni mwa mwaka 1958, akiwa na miaka 32. Al hakuwapeleka wavulana mazikoni. Aliwapa pombe kali wanywe na kuwaambia kwamba hivyo ndivyo wanaume wanavyopokea msiba. Jimi alikuwa na miaka 15. Wengi walioandika habari zake hulipita jambo hili upesi ili wafike kwenye magitaa. Mimi naona mtoto aliyenyimwa kumzika mama yake ana mengi ya kusema ambayo hayasemeki kwa mdomo, na Hendrix alikuwa mtu wa sauti ya chini sana, mwenye haya, hata alipokuwa maarufu.

Ufagio ulikuwa wa shule ya msingi. Alitembea nao akiupiga kama gitaa kwa muda mrefu hata mfanyakazi mmoja wa ustawi wa jamii shuleni pale akaandika barua kuomba mtoto anunuliwe gitaa kutoka mfuko wa watoto wenye shida, akionya kwamba kumnyima kungeweza kumdhuru akilini. Ombi lilikataliwa, na Al naye akakataa kununua. Mwaka 1957, baba na mtoto walipokuwa wakiondoa takataka katika nyumba ya bibi mmoja mzee, Jimi aliona ukulele, kigitaa kidogo, kikiwa na uzi mmoja tu uliobaki. Bibi akamwambia akichukue. Kwa uzi huo mmoja alijifunza kufuatisha nyimbo za redio kwa sikio, nota moja baada ya nyingine. Vijana wa ufukweni kwenu wanaofunga mshipi wa kuvulia samaki kwenye kopo la mafuta na kupata sauti wanaijua shule hiyo vizuri, nadhani kuliko mimi: ukiwa na uzi mmoja huna chodi ya kujifichia, lazima uutafute wimbo wenyewe ulipo.

Katikati ya mwaka 1958 alinunua gitaa kavu kwa dola 5. Akaanza kupiga saa nyingi kila siku, akiwasikiliza Muddy Waters, B.B. King na wengine wa blues. Lakini bendi za mtaani zilikuwa na makelele na gitaa kavu halikusikika, ndipo Al alipokubali kumnunulia la umeme, jeupe, aina ya Supro. Katika onyesho lake la kwanza na bendi isiyo na jina, chini ya hekalu moja la Wayahudi mjini Seattle, alifukuzwa kabla onyesho halijaisha kwa kosa la kujionyesha mno. Alijiunga na bendi nyingine, The Rocking Kings, na lile gitaa jeupe likaibwa ukumbini alikoliacha usiku.

Shule hakuimaliza. Alikamatwa mara mbili ndani ya magari ya wizi, akapewa nafasi ya kuchagua kati ya kifungo na jeshi, na tarehe 31 Mei 1961 akaandikishwa jeshini. Hapo ndipo utoto unapokwisha, mjukuu wangu, na barua inayofuata inaendelea kuanzia hapo.

SWALI: Mwandishi, salaam. Mimi nilipiga gitaa la ridhimu katika bendi za hapa Tabora miaka hiyo ya nyuma, na nawakumbuka vizuri Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Kwetu kila mtu alikuwa na kazi yake: solo, ridhimu, besi. Nikimsikiliza Hendrix nasikia kelele, kisha ghafla nasikia kama wapigaji wawili, kisha kelele tena. Alikuwa akifanya nini hasa? Na kwa nini anaitwa mkubwa kuliko wote?
Mkongwe wa Kanyenye, Tabora

JIBU: Mzee mwenzangu, nakushukuru, kwa sababu swali hili linaweza kujibiwa vizuri na mtu wa ridhimu kuliko na mtu mwingine yeyote. Jibu langu ni kwamba Hendrix alikuwa mwenzako. Alikuwa mpiga ridhimu, yaani mtu wa kushika mapigo na chodi nyuma ya wimbo, kwa miaka kadhaa kabla dunia haijamjua kama mpiga solo, na hakuiacha kazi hiyo hata siku moja. Aliibeba na kuingia nayo ndani ya solo.

Tuufuate mkondo. Jeshini alipangiwa kikosi cha askari wa miavuli, kambi ya Fort Campbell huko Kentucky. Alimwandikia baba yake amtumie gitaa, na wenzake wakamcheka kwa jinsi alivyokuwa halali mbali nalo. Siku moja askari mwingine, Billy Cox, akikwepa mvua alisikia gitaa kupitia dirisha la klabu ya kambi, akaingia, akajitambulisha kuwa yeye hupiga besi. Urafiki huo ulidumu hadi mwisho. Mwaka 1962 Hendrix aliachishwa jeshi. Mwenyewe alipenda kusema kwamba alivunjika kifundo cha mguu aliporuka mara ya 26. Hati za jeshi zinasema kwa lugha kavu kwamba hakufaa kuwa askari, maana akili yake ilikuwa kwenye gitaa. Mimi naziamini hati.

Kisha ikaja miaka minne ya kutumika. Yeye na Cox walikwenda Nashville, wakapiga katika klabu za watu weusi, na baadaye Hendrix akazunguka majimbo ya kusini akiwapigia waimbaji wengine nyuma jukwaani. Mwanzoni mwa 1964 alikuwa New York, akashinda shindano la wasanii chipukizi katika ukumbi wa Apollo, Harlem, akapata dola 25. Mwaka huohuo akaajiriwa na The Isley Brothers, na baada yao na Little Richard, ambaye aligombana naye kwa sababu ya kuchelewa kazini na kwa kuvaa nguo zenye kung'aa kuliko za bosi. Unaijua kazi hiyo, mzee. Mwimbaji yuko mbele, wewe uko nyuma, sare moja, hatua moja, na ole wako uingize nota isiyotakiwa. Ukikosea mapigo unakatwa mshahara. Ukipendeza mno unafukuzwa. Katika kazi hiyo mtu hujifunza kukata chodi fupifupi kwenye nyuzi nyembamba, kuziacha nafasi za sauti ya mwimbaji, kisha kujaza pengo dogo kwa mapambo kabla mwimbaji hajarudi. Aliyemshinda kila mtu kwa ufundi huo alikuwa Curtis Mayfield wa Chicago, na Hendrix alimsikiliza kwa makini. Ukichukua nyimbo za taratibu za Hendrix utamsikia Mayfield mle ndani, waziwazi.

Hao wawili unaowasikia, basi, ni mtu mmoja mwenye mikono mikubwa. Wengi wetu tulifundishwa kukiweka kidole gumba nyuma ya shingo ya gitaa. Hendrix alikipitisha juu na kubana kwacho uzi mnene, akashika nota ya chini ya chodi kwa gumba peke yake, na vidole vinne vikabaki huru kupamba, kuteleza na kutoa sauti ya wimbo juu ya chodi ileile inayoendelea kulia. Bendi aliyoundiwa London mwaka 1966 na meneja wake, Chas Chandler, ilikuwa ya watu watatu tu: yeye, Mitch Mitchell kwenye dramu, na Noel Redding, kijana aliyekuja kutafuta kazi ya gitaa akapewa besi. Hapakuwa na mtu wa ridhimu. Katika bendi zetu za Tabora solo lingeweza kwenda mbali na kurudi kwa sababu wewe ulikuwa umeishika nyumba. Kwa Hendrix mwenye nyumba na msafiri ni yuleyule, na akisafiri sana pengo linaonekana. Wakati mwingine linaonekana kweli. Katika baadhi ya maonyesho yake yaliyorekodiwa gitaa limepotea tyuni na wimbo unapwaya, wala sioni sababu ya kulificha hilo kwa heshima ya jina kubwa.

Sasa kelele. Kila aliyewahi kusimama na kipaza sauti karibu mno na spika anaujua ule mluzi unaowafanya waumini wazibe masikio. Sauti inatoka katika spika, inarudi katika kipaza, inakuzwa tena, inatoka tena, mzunguko usiokwisha. Gitaa la umeme hufanya hivyohivyo amplifaya, mtambo wa kuikuza sauti yake, ikifunguliwa sana: spika inautikisa uzi, uzi unailisha spika. Kwa fundi wetu huo ni ugonjwa wa mitambo. Hendrix alitumia amplifaya za Marshall za wati 100, zilizotengenezwa London na Jim Marshall, ambaye kwa bahati alikuwa na majina kama yake, James Marshall, na alijifunza kwamba akisogea hatua moja au akiligeuza gitaa kidogo kuelekea spika anaweza kuchagua ni nota ipi ibaki ikilia. Uzi unaopigwa kwa kawaida hufa baada ya muda mfupi. Wa kwake uliendelea kadiri alivyotaka, kama zeze linalokokotwa kwa upinde. Kwa kweli ndivyo ninavyomsikia: mtu aliyetaka kulitoa gitaa katika ukoo wa vyombo vya kudonoa na kuliingiza katika ukoo wa vyombo vya kuvuta pumzi.

Juu ya hayo aliongeza vikanyagio: kimoja cha kuikwaruza sauti, kingine cha wah-wah kinachoifanya ifunguke na kufunga kama mdomo, na kingine kilichobuniwa na Roger Mayer, fundi aliyewahi kufanya kazi za utafiti wa sauti kwa jeshi la majini la Uingereza, kinachoongeza nota ya juu zaidi, ile ya nane, juu ya nota unayopiga. Mara nyingi pia alilegeza nyuzi zote kwa nusu hatua, zikawa laini kuvutwa na zikakaa vizuri na sauti yake ya kuimba. Na ipo chodi moja ambayo wapigaji wa leo wameipa jina lake, ingawa wa jazz waliitumia kabla yake: ndani yake mna nota ya furaha na nota ya huzuni zikilia kwa pamoja, moja chini na nyingine juu, hazipatani wala haziachani. Blues nzima imefungwa humo.

Kuhusu ukubwa kuliko wote, mzee, hayo ni mambo ya vijiweni. Nitakwambia tu kwamba hakujua kusoma nota, na kwamba studioni alipotaka sauti fulani alimweleza fundi kwa kutaja rangi.

SWALI: Ni kweli alipiga gitaa kwa meno? Kwetu hilo lingeitwa uchawi. Na kwa nini alichoma chombo ambacho kijana wa Kasulu angekitunza maisha yake yote? Gazeti lisiwasifu watu wa namna hiyo.
Mzazi, Kasulu, Kigoma

JIBU: Ni kweli, ndugu mzazi, na uchawi haumo. Katika klabu za Tennessee alikuta wapigaji ambao tayari walikuwa wakipiga kwa meno, na watazamaji wa huko hawakumwacha mpya ashuke jukwaani bila kuonyesha kitu. Kupiga gitaa likiwa nyuma ya kichwa kulifanywa na T-Bone Walker Hendrix akiwa bado mtoto. Mkono ulioko kwenye shingo ndio unaofanya kazi kubwa; meno hugusa uzi tu.

Gitaa la moto lilikuwa la tamasha la Monterey, California, tarehe 18 Juni 1967. Alikuwa amerudi kwao baada ya miezi tisa Uingereza, karibu hakuna aliyemjua, na usiku ule alipanda jukwaani mara baada ya The Who, kundi lililomaliza zamu yake kwa kuvunja vyombo. Alitaka akumbukwe, akakumbukwa. Baadaye alichoka na watu waliokuja kutazama moto badala ya kusikiliza, na katika miaka yake miwili ya mwisho mara nyingi alisimama tu na kupiga. Kuhusu kijana wa Kasulu nakubaliana nawe kabisa. Hata mimi picha ile huniuma, nikikumbuka tulivyokuwa tukichemsha nyuzi zilizochakaa ili zilie tena wiki moja zaidi.

SWALI: Nina simu na bando dogo. Nianze na wimbo upi wa Hendrix?
Wa Stesheni, Tabora

JIBU: Kwa bando dogo, anza na Little Wing, wa mwaka 1967. Hauna moto wala meno. Unaanza na gitaa peke yake, na hapo utasikia yote niliyomweleza mzee wa Kanyenye: gumba likishika chini, vidole vikipamba juu, ridhimu na solo katika pumzi moja. Tumia visikilizi vya masikioni, si spika ya simu, kwa sababu nyuzi nene zitapotea. Haufiki hata dakika 2 na nusu, na usidhani kwamba bando limekatika: wimbo unafifia gitaa likiwa bado linaendelea kupiga.